Mume Kwanza

Mama Vero,

Umeondoka bila kuaga, na hiyo haikuwa tabia yako. Hata ulipokwenda sokoni Mbulu kwa saa chache, ulisimama kwanza mlangoni ukanieleza chakula kiko wapi na ng'ombe yupi asichanganywe na wenzake. Safari hii Vero alinipigia simu nikiwa wodini, akasema, "Baba, mama ameanguka zizini, na..." Nilimwambia amalize sentensi. Ndivyo nilivyomjibu binti yetu: amalize sentensi. Hakuimaliza.

Bado sielewi. Asubuhi naamka, naona ukungu umelala juu ya maharage, najiuliza umekwenda wapi mapema hivi. Halafu nakumbuka. Kila asubuhi napewa habari hiyo upya.

Nilikuwa karibu kurudi. Wewe ndiye uliyenisukuma niende kwenye upasuaji ule wa mwisho. Tangu fisi aliponirukia penye mlango wa zizi akaondoka na pua yangu na sehemu ya mdomo wa juu, ulinisimamia kama msimamizi wa mtihani. Nje ya nyumba nilijifunga skafu ya kahawia, majirani wakanizoea hivyo: kofia juu, skafu chini, macho katikati. Ndani ya nyumba ulinikataza. Ulisema hukuolewa na kitambaa.

Madaktari walipochukua ngozi ya paji la uso na kuigeuza chini wanitengenezee pua, nilidhani aibu imekwisha. Kumbe pua ikaota nywele. Ngozi ile ilitoka karibu na kichwa, ikaendelea na desturi za kwao. Kila Jumamosi uliniketisha nyuma ya nyumba, ukaninyoa pua kwa wembe, huku ukicheka mpaka nikakuonya kwamba utanikata. Ulipoigusa ncha yake, mimi nilihisi unanigusa paji la uso. Nilikueleza jambo hilo kwa kuandika, kwa sababu ni gumu. Kisha ukaigusa tena, pembeni, ukauliza, "Na hapa je, Mwalimu, ni wapi?"

Tulijifunza uso mpya namna hiyo, wazee wawili, kwa kidole kimoja.

Kilichobaki ni mdomo. Mtu hawezi kusema "Mama" bila kufunga midomo, nami yangu haikukutana. Nikawa nakuita kwa kugonga kikombe kwa kijiko, nawe ukagoma kuja, ukasema wewe si mwanafunzi wa kuitwa kwa kengele. Basi nikaenda hospitali kwa ajili ya jina lako. Nyuzi zilipotolewa, nilijifunza kulitamka, nikiwa nimeugeukia ukuta wa wodi. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaniuliza kama nimefiwa na mama. Nikamjibu kwamba namwita mke wangu, na kwamba yuko nyumbani, mzima.

Mama Vero, nilimjibu hivyo asubuhi. Simu ya Vero ilikuja kabla ya chakula cha mchana.

Siku ya maziko mvua ilikuwa imeharibu barabara na basi likachelewa. Boda boda iliponishusha nyumbani Tlawi, jeneza lilikuwa limekwisha kufikishwa kaburini. Daktari alikuwa ameagiza kovu lisifunikwe, kwa hiyo skafu ilikuwa katika mfuko wa koti. Unajua desturi yetu: hakuna anayegusa udongo kabla ya mfiwa mkubwa. Katekista alikuwa akitangaza kwamba mume wa marehemu, kama amefika, asogee. Nikasogea.

Kijana mmoja mwenye mabega mapana, wa watu wako wa Dirma, akaweka kiganja kifuani pangu. Alifanya hivyo kwa adabu kamili.

"Shikamoo, mzee. Samahani, subiri kidogo. Mume kwanza."

Niliduwaa. Sikuitikia hata salamu. Majirani zangu walikuwa wakitazama barabarani, juu ya bega langu, wakiitafuta skafu. Katekista, ambaye nilimfundisha kusoma, alinitazama usoni kisha akaendelea kunitafuta. Vero alikuwa upande wa pili, ameshikwa na wanawake, kichwa kimeinama ndani ya kanga.

Mkono wangu ukaingia mfukoni. Ningejifunga skafu tu, na watu wote wangenitambua papo hapo. Nilikuwa nimekwisha kuishika. Nikasimama hivyo mbele ya jeneza lako, nikiwaza kwamba natakiwa kujificha ili nijulikane.

Nikautoa mkono ukiwa mtupu. Nikasema, "Mama Vero." Midomo ikakutana. Ilikutana vizuri, bila hewa kuvuja. Kisha nikasema, "Mimi ndiye mume wake."

Vero akainua kichwa, akasema, "Baba," na yule kijana akaondoa kiganja chake kama aliyeshika moto. Nikainama, nikachota udongo kwa mikono. Sikulia. Mshtuko haukuacha nafasi.

Jioni kijana yule alikuja kuketi nami. Anaitwa Elibariki, mtoto wa mdogo wako. Alikuwa wa kubebwa mgongoni mara ya mwisho aliponiona. Aliomba radhi mpaka nikamkataza. Nikamuuliza kama huko Dirma hawakuambiwa yaliyonipata. Akasema habari za fisi na za upasuaji walizijua wote. Lakini kila walipokupigia simu kuuliza uso wangu umekuwaje, uliwapa jibu moja.

"Shangazi alisema Mwalimu ni yule yule, hajabadilika hata kidogo. Ndiyo maana, mzee, tulikuwa tunamtafuta yule wa kwenye picha ya harusi."

Nimeketi na neno hilo tangu siku ile. Nimefundisha maisha yangu yote na sikumwonea haya mtu aliyesema lisilo la kweli. Hili lako sijui nilisahihishe vipi. Uliujua kila mshono. Wembe ulikuwa mkononi mwako. Nawe ukawaambia ndugu zako hivyo, si mara moja, wala si kwa mzaha, na hukuniambia mimi hata siku moja.

Nasimama mbele ya kioo, namtafuta huyo uliyekuwa ukimwona. Sijampata bado. Lakini macho yako yalikuwa mazima na hukuwa mwongo, kwa hiyo sina budi kukubali kwamba yupo.

Nakuahidi jambo moja. Maharage yakishavunwa nitakwenda Dirma, niketi na ndugu zako mchana, nje, wanitazame mpaka waridhike. Atakayeuliza mzee huyu ni nani, nitamjibu kama ulivyokuwa ukiwajibu wewe, nami sitacheka.

Pumzika, Mama Vero. Umefanya kazi ya kutosha.

Mumeo,
yule yule.