Choma ya Chumvi Tu

Wekesa, leo nimejiaibisha vibaya sana.

Nilikuwa Penrith kwa Bibiane, tunamkumbuka marehemu mumewe, Akilimali. Nikachoma mbuzi kwa chumvi tu, vile sisi huchoma.

Si nikajisahau! Nikageuka nikaita kwa sauti: "Akilimali! Choma ni ya Wakenya, nyinyi Wakongo mnaficha nyama kwa pilipili!"

Mwezi mzima tangu tumzike, Wekesa. Na mimi namwita.

Bibiane akaja na sahani. Nikajua atanitukana.

Akasema, "Shemeji, ile ya chumvi ulikuwa unatufungia twende nayo nyumbani, alikuwa anaimalizaka yeye peke yake jikoni. Alinikataza nisikuambie."

Miaka sita tumebishana na huyo mtu.

Kumbe nilimshinda kitambo, na wa kumringia hayupo.