Joomla ya Baba Mkwe

Mama Umba, salamu nyingi. Nakuandikia kabla presha haijanipeleka hospitali, na nakuomba sana ufiche jina langu, uniite Tshala tu.

Mimi ni mwanafunzi wa informatique, yaani mambo ya kompyuta, hapa Kamina, niko mwaka wa kumaliza, na kazi yangu ya mwisho ni utafiti wa kujua, kati ya zile programu huria za kuendeshea tovuti, yaani za bure ambazo mtu yeyote anaweza kuzichukua na kuzirekebisha, kama WordPress, Joomla, Drupal na SPIP, ni ipi inayopendwa zaidi na wenye tovuti wa mji wetu, shule, maduka, vyama na parokia, na nilipochagua somo hili nilidhani nimechagua kitu chepesi kisichoweza kumkera mtu, maana nani atagombana kwa ajili ya WordPress?

Shida, Mama, ni kwamba nimechumbiwa na Wenceslas, na baba yake, Papa Kayembe, ndiye mtu wa kwanza kutengenezea watu tovuti hapa mjini, zote kwa Joomla, mpaka wengine hawasemi tovuti, wanasema Joomla ya shule, Joomla ya duka, na aliposikia somo langu alifurahi kupita kiasi, akanipa mwenyewe namba za wateja wake wote, akaniambia: "Enda kwa bantu yangu, bote batakuambia Joomla. Minyi njo nilibafunguliaka mulango ya internet." Nami nikaenda.

Basi wakaniambia. Papa Nyembo mwenye shule alifunga kwanza mlango wa ofisi, ndipo akasema: "Mwanangu, ile ya mukwe wako tulishaiacha, tuko na WordPress. Lakini usimuambie muzee, atasikia bubaya." Mama Mputu, mke wa mwanajeshi kule base, anayeuza vitambaa, aliniambia: "Ile site ya zamani ilianza kutosha publicité ya bintu ya pari, mambo ya kamari, na minyi sikuitia! Sasa niko na ingine, naipanga miye mwenyewe na telefone." Na kila nilipoingia ni hivyohivyo, wanaangalia mlango, wanashusha sauti, wananiambia tovuti zao zilizeeka bila kurekebishwa, wamehama, halafu wananisihi ninyamaze, mpaka nilipojumlisha nikakuta WordPress iko juu mbali sana, padri mmoja ameshikilia SPIP yake peke yake, Drupal hata mtu mmoja hana, na Joomla imebaki kwa wateja wawili, na mmoja wa hao wawili ni mdogo wake Papa Kayembe.

Sasa siku ya kutetea kazi inakaribia, na Papa Kayembe ameshaalika wateja wake wote na ndugu zake mpaka wa Malemba-Nkulu waje kusikia binti-mkwe wao akiieleza jury kazi aliyoifanya mzee huyu katika mji huu, na ameomba nimwekee kiti cha mbele, na mimi kwa desturi yetu ya bukwe hata kula mbele yake sijathubutu, nitasimamaje mbele yake na ndugu zake nimtangazie kwamba wateja wamemkimbia? Wenceslas ananiambia: "Chérie, kamata bantu babili batatu, ubatie upande ya Joomla. Nani atahesabu?" Mama yangu anasema siku hiyo nijifanye mgonjwa. Mwalimu wangu anasema namba ni namba, lakini yeye haolewi na mtu. Nikisema ukweli naona ndoa inavunjika kabla ya kufungwa, nikidanganya diploma yangu ni ya uongo maisha yote, chakula hakipiti, simu ikilia naruka, nifanye nini, Mama?

Tshala, Kamina

Tshala, binti yangu, kaa chini unywe maji. Pole sana. Jina nimelificha, na ya wengine nimeyabadilisha, ingawa sidhani Kamina ina mwanafunzi mwingine anayefanya utafiti huu. Ndiyo maana nimekutumia jibu kwa simu kabla halijatoka gazetini.

Tuanze na huyo Wenceslas. Mwambie nimesema anyamaze. Mkiwahamisha hao watu wawili watatu, baba yake atasimama ukumbini kwa furaha kuwashukuru wateja wake, na Papa Nyembo na Mama Mputu watakuwa wamekaa palepale wakitazama viatu. Mzee apigiwe makofi na watu wanaojua kwamba ni uongo? Huko ni kumcheka. Na ugonjwa wa kujifanya nao uache, maana kwa jinsi unavyojitesa utaupata wa kweli.

Wewe pia, usijifiche nyuma ya desturi. Bukwe inakukataza kumwaibisha baba mkwe mbele za watu. Haijakukataza habari imfikie nyumbani kwake, kwa heshima, kupitia mtu anayemsikiliza.

Halafu kuna kitu ambacho hofu imekuzuia kukiona. Kila mtu uliyemhoji alijua wewe ni mchumba wa nani. Angeweza kukujibu Joomla, akakupa soda, ukaenda zako. Lakini mmoja baada ya mwingine wamekueleza ukweli, wewe mtu wa nyumba ile! Mtu anayetaka siri ikae haipeleki kwa binti-mkwe. Hao wamekutuma, mama. Wameshindwa kumtazama mzee usoni, wakapata mtu wa kuifikisha habari wao wakiwa mbali. Woga ni wao, na anayekosa kula ni wewe. Nimekasirika kwa niaba yako.

Sasa sikiliza. Papa Kayembe hakosi dada. Nenda kwa huyo shangazi wa Wenceslas juma hili, akuombee nafasi ya kumwona mzee kabla wageni wa Malemba-Nkulu hawajapanda gari. Katika kazi yako usiguse namba hata moja, wala usitaje jina la mteja. Ila ongeza sababu, maana utafiti usioeleza sababu ni umbeya tu: tovuti zilibaki na toleo la zamani bila kufanyiwa marekebisho, na watu wanataka kitu wanachoweza kukiendesha wenyewe kwa simu. Tena andika wazi, mwanzoni kabisa, ni nani aliyewaonyesha tovuti ni nini. Huo nao ni ukweli.

Na ukifika kwake usianze na matokeo. Umeuliza mji mzima, binti yangu, ukamruka mtu mmoja, yuleyule aliyekufungulia milango yote. Utafiti gani huo? Chukua fomu moja tupu, mpelekee kwa mikono miwili, mwombe ajibu kama wengine: leo hii, Baba, wewe mwenyewe ungechagua ipi, na kwa nini? Halafu nyamaza, umngoje. Sitashangaa na yeye akiangalia mlango kwanza, halafu akashusha sauti.