Makofi Mwishoni Tu

Jumatatu, 9 Agosti 2004

Hongera zangu! Kuanzia leo mimi ni Kaimu Afisa Utamaduni. Mkoa wenyewe bado mchanga, hata kibao cha ofisi hakijakauka rangi. Meza yangu ni ile ile ya ukarani, mguu mmoja umewekewa tofali.

Kazi ya kwanza: Jumamosi tunapokea baleti. Wachezaji sita na mama mmoja anayewaongoza, wote kutoka Ulaya. Bwana Teodori, bosi wangu, kasema ni heshima kubwa kwa Babati. Nikamuuliza baleti ni ngoma ya namna gani. Kanitazama kwa huruma, halafu kakiri kwamba na yeye hajawahi kuiona.

Maagizo yamekuja kwa faksi. Vigelegele marufuku. Kupanda jukwaani kutunza wachezaji pesa marufuku. Watu wakae kimya, makofi mwishoni tu. Nikauliza, tutajuaje kwamba ni mwisho? Bwana Teodori kafikiri sana. Kasema mwisho ni pale mtu atakapolala chini. Na wa kuanzisha makofi ni mimi — nikipiga, ukumbi mzima unafuata. Nikiharibu, narudi ukarani.

Nimerudi nyumbani, Mama yuko pale pale nilipomwacha asubuhi, anachambua mbaazi. Nimemsalimia shikamoo, kajibu marahaba, basi. Nilimtoa Mbulu baada ya Pasaka, tulipomzika mdogo wangu Valeria. Homa tu, kule Arusha alikokuwa kazini. Harusi yake ilikuwa iwe Juni. Mama hakulia. Hakulia mazishini, hakulia siku ya kuanua matanga, mpaka leo hajalia. Na jina la Valeria hajalitamka tena. Wanawake wa jumuiya walisema ana moyo mgumu. Sio ugumu. Nauona msiba unavyomla, na ninaogopa.

Jumatano, 11 Agosti

Fundi kapiga randa jukwaa. Sasa linateleza. Fundi mwingine kaitwa kulikwaruza.

Mwanne — Mama Rahma, jirani yangu mwenye duka la vitambaa — katushonea pazia. Kitambaa cha rangi moja hakikutosha, kwa hiyo upande mmoja una mananasi. Nikamweleza masharti ya ukimya. Kacheka mpaka kashika mlango. Anauliza: mtu anacheza vizuri mbele yako, umnyamazie, yeye atajuaje kama umependa? Nimemwambia ni agizo.

Vijana wa ukumbini nimewafundisha kunyamazisha watu kwa jicho. Wananyamazisha vizuri, tatizo wakishamaliza wanapigiana simu.

Mama kala vijiko vitatu.

Ijumaa, 13 Agosti

Wageni wamefika, wote vumbi tupu. Wamefikia gesti, upande wa barabara ya Bonga. Wasichana wamekonda! Mwanne kaniuliza kama kwao kuna njaa. Wanatembea vidole nje kama bata, lakini wakisimama, shingo ndefu, mgongo umenyooka, unajiona wewe ndiye gunia.

Salimu, mkalimani waliyekuja naye kutoka Dar, kanieleza hadithi ya mchezo wa mwisho. Msichana anamngoja mchumba, anaugua, anakufa. Nikauliza, hapo ndipo anapolala chini? Ndiyo. Safi! Nimeandika pembeni: makofi.

Dada wa kazi kaenda harusini Sigino, mwanangu Fabiani yuko shule ya bweni. Mama hana wa kubaki naye. Itabidi niende naye, akae kando yangu.

Jumamosi, 14 Agosti

Nimeketi kuandika. Nianze mwanzo.

Saa tisa ukumbi umejaa. Padri, mchungaji na sheikh mstari wa mbele, wakipeana mikono. Bwana Teodori na suti. Mimi kiti cha pembeni, Mama kushoto kwangu, Mwanne nyuma yetu na kanga mpya. Saa tisa na nusu muziki ukaanza, na wanaume wakaingia.

Jamani, zile suruali! Unaona goti, unaona kila alichojaliwa mtu. Viongozi wetu wa dini wote watatu wakaanza kukagua dari. Umoja wa namna hiyo sijauona hata kwenye vikao. Mwanne akaninong'oneza kwamba fundi wa nguo zile kaibiwa kitambaa. Nikamkata jicho, mimi si ndiye serikali?

Halafu yule msichana mwembamba kuliko wote akapanda kwenye ncha za vidole, akakaa hapo juu. Akakaa tu! Ukumbi ukavuta pumzi. Mtu nyuma akatoa kigelegele, vijana wangu wakamrukia. Na mimi niliyekuwa nacheka moyoni, nikaacha kucheka. Vile viatu vilikuwa vinagonga mbao, ko, ko, ko, kazi ya kweli ile, nikaona jasho linamtoka na uso umetulia. Ilikuwa nzuri. Naandika hapa kwa sababu ofisini nitasema ilikuwa ya kiwango cha kimataifa, maneno ambayo hayana maana.

Ukaja mchezo wa mwisho. Msichana huyo huyo, gauni jeupe, anamngoja mchumba. Anachungulia, anarudi, anachungulia. Anashika kichwa. Anayumba. Hapo ndipo nilipoelewa Salimu aliniambia nini jana. Nilisikia neno "anakufa" nikaona zamu yangu ya kupiga makofi, basi! Nikamleta mama yangu kuja kuangalia bibi harusi anakufa kwa homa. Nilitaka kumshika mkono nimtoe nje. Nikachelewa.

Msichana akalala. Wenzake wakaja taratibu na shuka jeupe, wakamfunika mpaka kichwani. Muziki ukazima.

Kimya. Kile kimya nilichokifundisha wiki nzima.

Mama akainuka kwenye kiti. Akavua viatu, akaketi chini sakafuni, miguu kanyoosha, kama anavyoketi mwanamke msibani. Akajifunika kanga. Mwanne akamwangalia, akashuka na yeye. Halafu mama mmoja wa mstari wa kati. Halafu wanawake wa kule Nangara wote. Viti vinasogezwa, wanawake wanashuka, wa kanisani na wa msikitini. Wanaume, bila kuambizana, wakaanza kutoka nje, mmoja mmoja, na kofia mkononi. Padri akafanya ishara ya msalaba. Sheikh akainua mikono. Dari imesahaulika.

Jukwaani yule msichana yuko chini ya shuka. Anangoja makofi ndipo ainuke. Na ukumbi hauwezi kupiga makofi, mtu kafa!

Bwana Teodori akageuka. Akanitolea macho. Akaonyesha kwa viganja vyake: piga! Nilijua maana yake. Nikipiga, wengine wanafuata, maiti inaamka, inainama, sote tunakwenda nyumbani na ukaimu wangu.

Wakati huo huo nikasikia sauti chini ya kanga. Mwanzo sikuitambua, ilikuwa nyembamba. Ni Mama. Analia.

Miezi minne nimeingoja sauti ile. Nikaweka mikono chini ya makalio, nikaikalia. Bwana Teodori akanionyesha tena. Nikatazama mananasi ya pazia. Kisha nikaona hata kukaa kitini ni utovu wa adabu, nikashuka sakafuni, nikamkumbatia mama yangu, nikalia na mimi. Valeria wetu. Sikuwa nimemlia vizuri, nilikuwa najali mambo ya jeneza na gari.

Shuka likatikisika kidogo — nadhani aliwashwa pua. Salimu ndiye aliyepata akili, akavuta pazia. Lakini wanawake walishapanga mstari. Wakapanda jukwaani, mbele ya pazia, wakamshika mkono yule mama wa wageni: pole mama, kazi ya Mungu, jipe moyo. Naye anatabasamu, halafu anaacha kutabasamu, halafu machozi. Nilimuuliza Salimu alimtafsiria nini. Kasema alishindwa, akamwambia tu wamependa.

Nje wanaume walishaanza kupendekeza majina ya kamati ya mazishi.

Bwana Teodori kaniambia maneno mafupi mlangoni: Jumatatu saa mbili, maelezo ya maandishi, kwa nini sikupiga makofi. Nitaandika nini? Kwamba mikono ilikuwa na kazi nyingine?

Jumapili, 15 Agosti

Nimeamshwa na harufu. Mama yuko jikoni! Kapika makande, sufuria kubwa, na nyama niliyoiweka kwa ajili ya leo kaimwagia yote. Macho yamemvimba. Kanisemesha kabla sijasalimia: wale wageni wanaondoka saa ngapi? Nikasema saa nne. Kasema basi tuwahi, watu wenye msiba hawasafiri na njaa.

Nimejifungia chumbani, nasingizia kuvaa. Nimwambieje? Pazia lilivutwa, hakumwona yule binti akiinuka. Tutafika gesti na sufuria kichwani, marehemu atakuwa mezani anapaka mkate siagi. Mama akijiona mjinga, si atafunga mdomo tena? Na safari hii moja kwa moja.

Anaongea peke yake kule jikoni. Anasema hajui nani aliwapikia wale waliofanya kazi na mdogo wangu kule Arusha, siku ile. Wale waliokesha naye hospitali. Anasema alitoka Arusha na mwili bila kuwashukuru.

Nimefungua mlango kidogo nimweleze. Kanikatisha. Kasema nihesabu sahani, na yule binti aliyelala awekewe nyama nyingi, mifupa inaonekana, na kulala vile sakafuni pasipo godoro si mchezo.

Kwa hiyo anajua! Alijua tangu jana? Nimebaki nimesimama na kiatu kimoja.

Honi nje. Gari la ofisi. Bwana Teodori, kavaa suti ya kanisani, hakusubiri Jumatatu! Nachungulia dirishani. Mama kanitangulia uani. Shikamoo yake kaipokea, hakumpa nafasi ya neno la pili. Kamkabidhi sufuria. Bosi kaipokea kwa mikono miwili, sasa hana pa kuiweka. Mama kasimama mbele yake, anamweleza kitu, mkono kifuani. Bosi kainamisha kichwa, anaitikia.

Nimesikia. Kalitamka. Anasema, nilikuwa na binti, anaitwa Valeria.

Nitoke. Ile sufuria ni ya moto na hana kitambaa.