Samaki Isiyo na Chumvi

Mujukuu wangu Kyungu, salamu katika jina la Bwana. Uko na afya huko Lusaka? Hapa Kafutuma shangazi yako amezaa mutoto mwanamuke, wote wazima.

Uliuliza kama ninakula vizuri tangu ugonjwa wa moyo uliponiangusha. Ninakula, lakini pembeni, peke yangu, kwa sababu muganga amenikataza chumvi. Nikiwa kijana, baba yangu naye alikatazwa. Mama akaacha sahani yetu, akakaa kula naye samaki ile isiyo na chumvi. Baba akamucheka: "We mwanamuke, nani amekukataza?"

"Hakuna. Kula, bukari inapoa!"

Niliona ni upuzi. Sasa bibi yako amekwenda kwa Mungu. Nikimaliza kuombea chakula, ninafungua macho, mbele yangu hakuna mutu.

Tafazali, unijibu upesi.

Babu yako