Uliyazungusha Mawe Bila Mahindi

Al-Naseem, Riyadh

Mdogo wangu Wafula,

U mzima? Watoto hawajambo? Mimi niko salama, ila mgongo unaniuma kwa kupiga deki. Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei. Barua hii anakuletea Zaituni, rafiki yangu, anayepitia Jeddah kuja huko likizo. Isome mbele yake.

Mama ameniambia yote. Ulimleta yule mwenye hoteli kuona kinu chetu cha maji, na ili gurudumu lizunguke apendezwe, ukafungulia maji bila kutia mahindi hata kiganja. Mawe yakasagana yenyewe mpaka yakatoa cheche na meno yake yakafutika! Mjinga wewe. Mtoto yeyote aliyelelewa pale mtoni anajua mawe matupu hayazungushwi. Sasa unasema kinu kimekufa, heri auziwe yeye kiwe pambo la bustani ya hoteli.

Juzi nikikunja nguo, televisheni ya madam ilionyesha kijiji cha Uingereza chenye kinu kama chetu, gurudumu la mbao, mfereji, kila kitu. Kilisagia kijiji vizazi na vizazi, viwanda vikubwa vikaja, kikafungwa, kikaota nyasi. Wanakijiji wenyewe wakakifufua, na leo kinasaga. Nikasema, "Madam, nyumbani tunacho hiki."

"Kenya? Mafi! Hakuna!" akacheka. "Yalla, pasi."

Nilipiga pasi kwa hasira, Wafula. Babu alijifunza kazi hii kwa mlowezi wa Kiingereza, kisha akajenga chake kwa mikono yake. Waliotufundisha wanatunza chao, wewe unauza chetu. Naona aibu.

Tena usiniambie kwamba mimi ni binti, nimeolewa, kinu hakinihusu. Baba alinifundisha kuchonga mawe kwa patasi wewe ukikimbizana na mpira. Shamba ni la mama, naye amekataa kutia sahihi. Amesema, "Mwambie mdogo wako angoje nife kwanza."

Mkataba wangu ukiisha siongezi. Kafili, yaani tajiri wangu, nimeshamwambia, halas, basi, narudi.

Nisalimie wifi yangu, pole zake kwa kukuvumilia, na mama mdogo anayemchotea mama maji.

Mawe nitayachonga mwenyewe. Unajua unga wa kwanza baada ya kuchonga huwa na changarawe, na baba aliwamwagia kuku. Safari hii kuku watanisamehe. Nitausonga ugali, nikupakulie wewe, na utaumaliza nikikutazama.

Dada yako mkubwa,
Nasambu