Wimbo wa Orla kwenye hina ya Rawan

Safiya shoga, umekosa! Ndo kwanza natoka Bawshar, kwenye hina ya Rawan.

Masouda, dadake bi harusi, katia CD ya Orla. Orla wetu, yule mwimbaji wa Ayalandi wa kaseti za skuli!

Khaleti Zuwena, mama yao mdogo, akaruka: “Zima! Huyo hata waimbaji wenzake walimkimbia!”

Walimkimbia! Anasema nani? Khaleti yule yule aliyetukatia kaseti kwa mkasi. Sijasahau mie.

Masouda hakushusha macho. “Walimkimbia alipogoma kupigwa picha nusu uchi kwa amri ya kampuni. Nyimbo zake zilipopanda tena, hao hao wakapigana vikumbo waimbe naye. Sizimi, khaleti.”

“Basi toka nje, huna adabu!”

“Hina ya dadangu. Sitoki.”

Khaleti akatugeukia sisi tuzime. Nani azime? Wote ila Masouda tuna hina mbichi mpaka viwikoni, na khaleti mwenyewe! Kasimama mbele ya redio, viganja juu, kama kashikwa na polisi.

Rawan hawezi kupiga makofi. Akapiga kigelegele, shoga, chumba kizima tukampokea.

Wimbo ukaisha. Rawan akasema, “Masouda, urudie.”