Matanga Tuliyoyakuta Kwetu Mangobo

Papa wangu,

Kesho tunakufanyia matanga. Nimeona nikuambie mimi mwenyewe, maana hukupenda kusikia mambo yako kwa majirani. Tangu ulipopanda pikipiki kwenda Buta kutafuta mchele, vita ikafunga njia nyuma yako, mama amekataa katakata kukulilia. Kila aliyemshauri avae nyeusi alifukuzwa palepale mlangoni. "Tulimulilia bure mara moja," alisema. "Sitamulilia tena."

Hiyo mara moja, kabla ya safari ya mchele, naikumbuka vizuri. Ulikuja Isiro kunichukua kwa tantine, dada yako, nilikokuwa nasoma, kwa sababu ulisikia mapigano yanasogea. Tukarudi kwa kuzungukia Buta, safari ndefu, matope mpaka magotini. Koti lako la mvua ulilivaa mbele nyuma, vifungo mgongoni, upepo usikuingie kifuani, kama wanavyovaa wenye pikipiki wote wa njia ile. Kazi yangu kila asubuhi ilikuwa kukufunga vifungo, nawe ukinitania kwamba hata siku ya ndoa hukuvalishwa hivyo.

Tulipofika Bengamisa, karibu kabisa na nyumbani, askari wakatuzuia: njia imefungwa. Nilitaka kulia. Wewe ukatafuta pondu, majani ya mihogo, ukaazima sufuria kwa mama mwenye nyumba tuliyofikia, ukapika mwenyewe, chumvi kupita kiasi. Tulikula tukicheka. Sikuwahi kuwa na wewe peke yangu namna ile, wala sikupata tena.

Kumbe msafiri mmoja, aliyepita kabla njia haijafungwa, alishafika Mangobo akaeleza kwamba huko upande wa Banalia ameona mwanaume amekufa kando ya njia, pikipiki pembeni, koti mbele nyuma. Mama hakuuliza zaidi. Ni nani mwingine, kama si mume wake?

Njia ilipofunguliwa, tuliingia Mangobo mchana. Turubai uani kwetu, wanawake kwenye mikeka wanaimba. Ulizima pikipiki ukaniuliza polepole ni nani amekufa. Mimi nilikuwa nimeshaiona picha yako juu ya meza. Mama akaja, akakushika uso, akakupiga kofi, akakushika tena. Watu wakacheka na kulia pamoja, na wanaume wakaanza kukunja turubai.

Ulipokwisha kuelezwa habari ya yule msafiri, ukawazuia.

"Muache vile," ulisema. "Ule wa njiani naye iko mutu, iko na batu ya kwabo, na habajue kama alikufa. Tumulilie siye."

Ukakaa na koti lako la matope, ukalia kwa sauti, wewe ambaye hata mama yako alipokufa ulijificha. Watu wakarudi kukaa. Mama akaiondoa picha yako mezani, akaketi karibu nawe, tukaimba mpaka jioni kwa ajili ya mtu ambaye hata jina lake hatukulijua. Nilikupenda siku ile, papa, na sikukuambia.

Juzi mama alikuwa anatwanga pondu, akaacha mchi ndani ya kinu. Akasema pengine na wewe umelala mbele ya watu wasiokujua, na huenda walikulilia wao, kwa wema wao tu. Akasema ni aibu, wageni wakulilie na sisi wa damu yako tukae kimya. Halafu akalia, kwa mara ya kwanza tangu uondoke. Nilimshika, nikalia naye, na nikakasirika na wewe kidogo, kwa mchele ule uliokupeleka mbali. Tungekula hata mihogo mitupu, papa. Tungekula chochote.

Kwa hiyo kesho ni matanga. Kama umekwisha kufa, pumzika. Waliokufunika huko Mungu awabariki, nasi tutaifanya sehemu yetu. Na kama uko hai, ukafika ukatukuta tunalia, usikasirike. Ingia ukae. Chakula kitakuwa kingi.

Binti yako wa kwanza